Rejeta Husingiziwa: Magari ya Kabureta na Joto la Unguja

Ifikapo Februari, kaskazi inavuma kwa unyonge na jua la saa nane halina huruma, si ajabu kumkuta dereva kando ya barabara ya shamba, chini ya mwembe, boneti ya gari lake kuukuu iko juu na mvuke unatoka. Mkononi ana dumu la maji, anasubiri injini ipoe. Kila anayepita ana dawa yake. Wa kwanza anasema rejeta imeziba. Wa pili anasema feni haivuti. Wa tatu anashauri thamostati ing'olewe itupwe, kwani nchi hii haina baridi. Wa kutaja kabureta au pointi za distributa hapatikani.

Hapo ndipo pesa za mwenye gari zinapoanza kupotea. Katika magari ya zamani, joto linaloonekana kwenye maji mara nyingi limeanzia kwenye petroli na kwenye cheche ya plagi. Mtu hununua rejeta, kisha wota pampu, kisha feni ya umeme, na gari bado linachemsha, kwa sababu kilichoharibika hakijaguswa. Mafundi wakongwe wa Unguja wanalijua hili, na ndio maana wakiletewa gari lililochemsha hawakimbilii kwanza kufungua rejeta. Huomba liwashwe, wakasikiliza.

Kutoka reli ya Bububu hadi bodi za mbao

Kabla ya gari kuenea, watu wa mjini Zanzibar walipelekwa shamba na garimoshi. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. ilifungua reli ndogo kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa kama kilomita 11. Barabara zilipotengenezwa na magari ya petroli yakaongezeka, reli haikuweza kushindana nayo, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imeshakufa. Tangu hapo mji na shamba vikaunganishwa na injini za petroli.

Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja kwa wingi magari ya Kiingereza: Morris, Austin, Ford, Land Rover. Peugeot za Kifaransa nazo zikafuata, zikapendwa kwa uvumilivu wake kwenye barabara mbovu. Sifa hiyo haikuwa ya bure. Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake Tanzania, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404. Mdogo wake 404, yaani 504, akashinda 1975 na 1978, na pikapu zake zikawa zinaunganishwa Mombasa. Kwa mtu wa mwambao, Peugeot ilikuwa gari la jirani.

Kwa upande wa malori, jina lililokaa midomoni ni Bedford, tawi la malori la kampuni ya Vauxhall lililoanza mwaka 1931. Bedford ya mtindo wa TJ, iliyotoka mwaka 1958, ilikuja ikiwa na injini ya dizeli au ya petroli yenye silinda sita. Mara nyingi lori la namna hii lilifika likiwa na kichwa na chesi tu. Mafundi seremala ndio waliolijengea nyumba: bodi ya mbao iliyo wazi pembeni, paa la kubebea mizigo, na mabenchi yanayotazamana. Wakati huo abiria wa Makunduchi, Chwaka au Nungwi alipanda na pakacha lake la samaki, mkungu wa ndizi ukapandishwa juu, baiskeli ikafungwa nyuma, na safari ikaanza.

Leo njia hizo zimeshikwa na Dyna, Canter na Isuzu za dizeli, ingawa bodi nyingi bado ni za mbao vilevile. Ukisimama kituoni ukaona gari la 116 la Nungwi au 309 la Jambiani, unaona nyumba ya zamani iliyowekewa moyo mpya. Petroli na kabureta zimebaki kwa wachache: Morris Minor ya babu iliyofunikwa turubai uani, Peugeot iliyorithiwa, Land Rover ya shamba, Suzuki Carry za zamani ambazo wananchi wameziita kirikuu, na bila shaka Vespa, ambazo Unguja imezipenda kwa mapenzi yasiyoelezeka.

Theluthi moja ya petroli inakwenda kwenye maji

Ili kuelewa kwa nini fundi mzuri huanza na kabureta, ni lazima kwanza kujua petroli inakwenda wapi. Katika injini ya kawaida ya zamani, kiasi cha robo hadi theluthi ya nguvu iliyomo kwenye petroli ndiyo inayozungusha magurudumu. Theluthi nyingine hivi hutoka na moshi kwenye ekzosi. Iliyobaki huingia kwenye chuma cha injini, na maji ndiyo yanayoibeba kuipeleka kwenye rejeta ili upepo uichukue.

Hesabu hiyo inashikilia pale tu petroli inapoungua kwa wakati wake na kwa kipimo chake. Petroli huungua kikamilifu ikichanganywa na hewa kwa uzito wa takriban 1 kwa 14.7. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko huungua polepole, kama moto wa makumbi. Pistoni inakuwa imeshateremka, valvu ya ekzosi inafunguka, na bado ndani kunawaka. Joto lililotakiwa kusukuma pistoni linapita kwenye valvu, linaingia kwenye silinda hedi, na kutoka hapo linakwenda kwenye maji. Rejeta, ambayo ilitengenezwa kubeba theluthi, inabebeshwa zaidi.

Cheche ikichelewa, matokeo ni yaleyale. Moto unawashwa pistoni ikiwa njiani kushuka, kazi inakuwa ndogo na joto linakuwa kubwa. Dereva anaona gari halina nguvu, anakanyaga zaidi, petroli inaongezeka, na joto linaongezeka juu ya joto.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa gari kuukuu kutoka bara haambiwi. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta haijui habari hizo. Inatoa petroli yake ileile, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi, na fundi wa huko hupunguza kwa kuweka jeti ndogo. Gari hilo likishushwa mwambao, ambako hewa ni nzito, jeti ileile ndogo inakuwa haitoshi. Gari lililokuwa likienda vizuri milimani linafika Malindi bandarini likiwa na njaa ya petroli, na wiki ya pili linachemsha. Mwenye gari analaumu joto la Unguja. Joto lipo, lakini jeti ndiyo iliyomponza.

Mkono juu ya kabureta

Morris Minor ndiyo darasa bora la kazi hii. Gari hili lilitoka mwaka 1948, na mwaka 1961 likawa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Zile za kuanzia miaka ya 1950 zina kabureta moja ya SU, iliyobuniwa na George Herbert Skinner aliyetoka katika familia ya wafanyabiashara wa viatu. Kabureta zake za mwanzo zilitumia mfuko wa ngozi badala ya pistoni. William Morris alikuja kuinunua kampuni hiyo mwaka 1926.

Ndani ya SU kuna pistoni ya chuma inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na chini yake sindano nyembamba inayoingia kwenye jeti. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo na nafasi ya petroli inaongezeka. Namna ya kuipima haihitaji mashine. Injini ikiwa na moto wake wa kazi, fundi anaondoa chujio la hewa, anaingiza bisibisi nyembamba au anabonyeza kipini kilicho pembeni, na kuinua pistoni kwa kiasi cha milimita moja tu. Kisha anasikiliza. Resi zikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikizima au ikitaka kuzima, petroli ni chache. Zikipanda kidogo sana kisha zikatulia, kipimo kimekaa. Marekebisho ni nati iliyo chini ya jeti: kuiteremsha kunaongeza petroli, kuipandisha kunapunguza. Fundi mwenye subira huizungusha upande mmoja tu wa nati kwa mara moja, akapima tena.

Kabla ya hapo lakini, kuna kazi ambayo wengi huiruka. Kabureta ndiyo ya mwisho kurekebishwa, si ya kwanza. Anayeanza na nati ya kabureta huku pointi zimeungua anarekebisha kosa kwa kosa. Utaratibu wa mafundi wakongwe ni huu: valvu kwanza, kisha plagi, kisha pointi, kisha taiming, na kabureta mwisho. Kwa Morris, mwanya wa pointi ni milimita 0.38 na wa plagi ni 0.64. Aliye na geji anatumia geji. Asiyekuwa nayo hukata kipande cha kasha la sigara, na ingawa si kipimo cha kuandika kitabuni, ni bora kuliko jicho.

Plagi yenyewe ni barua. Ukiifungua ukaikuta nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa ya kahawia hafifu, mambo ni salama. Ikiwa nyeupe, kavu na yenye vipele vidogo, injini inaungua, na mwenye gari anayeiona rangi hiyo hana haja ya kuuliza kwa nini maji yanachemka.

Pembeni ya distributa pia kuna kikebe kidogo chenye mpira ndani, kilichounganishwa na kabureta kwa bomba jembamba. Kazi yake ni kuiwahisha cheche gari likiwa kwenye mwendo mwepesi. Mpira huo ukipasuka, na kwa umri wa magari haya mingi imepasuka, cheche inachelewa safari nzima ya kutoka Mwanakwerekwe hadi Paje. Hakuna kelele, hakuna moshi. Gari linakula mafuta zaidi na linapata joto. Kuupima ni kuvuta hewa kwa mdomo kwenye bomba: ikishika, mpira ni mzima, ikipita tu, umekwisha.

Maji ya chokaa na kifuniko cha pauni saba

Haya hayamaanishi kwamba rejeta haina makosa. Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na visima vyake vingi, hasa upande wa mashariki, vinatoa maji yenye chokaa, na karibu na pwani yana chumvi pia. Maji hayo yakichemshwa kila siku ndani ya injini huacha ukoko ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko ukishika kuta za injini, joto linashindwa kutoka kwenye chuma kuingia majini. Ukishika mirija ya rejeta, maji hayapiti.

Dawa haina gharama kubwa: maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, yakachanganywa na kulanti. Wengi huona kulanti ni anasa ya nchi za barafu. Kazi yake ya pili, ya kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha maji kuchemka, inahitajika Unguja kuliko Ulaya.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa. Morris Minor ya miaka ya mwisho ina kifuniko cha pauni 7 kwa inchi ya mraba. Kikishika vizuri, maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu nyuzi 111. Kikilegea, au kikiwekwa cha gari jingine ambacho hakibani, nyuzi hizo 11 zinapotea, na mchana wa kaskazi hizo ndizo zinazotenganisha gari linalofika na gari linalosimama.

Kuhusu thamostati, shauri la yule mpita njia wa tatu limeharibu injini nyingi. Katika injini ya Morris kuna njia fupi ya maji inayopita pembeni bila kwenda kwenye rejeta. Ukiing'oa thamostati na kuacha pengo, mtiririko unavurugika na sehemu za nyuma za silinda hedi hazipati maji ya kutosha. Waendesha mashindano wanaotaka kuiondoa huweka mahali pake pete maalumu ya kuziba njia hiyo. Kwa gari la barabarani, thamostati iliyo nzima ibaki. Injini inayofanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu inaungua vizuri; inayokimbia baridi asubuhi nzima inakula mafuta na kusaga pistoni.

Peugeot 404 ilikuja na ufundi wake: feni inayoshikwa na sumaku ya umeme, inayozunguka pale tu maji yanapopata joto. Waya ukikatika feni haishiki, na gari linachemsha mjini lakini linakwenda vizuri likiwa kasi. Hiyo yenyewe ni alama ya kusomwa. Linalochemsha likiwa polepole lina shida ya feni. Linalochemsha likiwa kasi lina shida ya mirija, ya mchanganyiko au ya taiming. Linalochemsha wakati wote, na maji yanatoa mapovu hata asubuhi, gasketi ya hedi imekwenda.

Upepo wa kisiwani una mchango wake ambao hautajwi vitabuni. Wakati wa kusi, gari linalokwenda kaskazini kuelekea Nungwi linasukumwa na upepo kwa nyuma. Dereva anafurahi kwa sababu gari ni jepesi, lakini upepo unaoingia kwenye rejeta unapungua kwa kiasi hichohicho. Lori lililojaa linalokwenda kilomita 40 kwa saa na upepo wa kilomita 25 nyuma yake linapata upepo wa kilomita 15 tu usoni. Unguja haina milima ya kuchosha injini. Ukingo wa Masingini haufiki hata mita 150. Kinachoyachosha malori ni mzigo, mwendo mdogo na upepo wa nyuma.

Ukitaka kuona kazi ya rejeta kwa karibu, mtafute fundi anayelehemu. Rejeta za zamani ni za shaba, na shaba inakubali risasi. Fundi anaipasha tangi ya juu kwa moto wa gesi hadi risasi iyeyuke, anaibandua kwa koleo, na mirija inabaki wazi, safu kwa safu, mingine imeziba kwa uji mweupe uliokauka. Anachukua ubapa mwembamba wa chuma na kuuchokonoa mrija mmoja baada ya mwingine, juu hadi chini, akimwagia maji hadi yapite yote. Kisha tangi inarudishwa, inalehemiwa, na rejeta inazamishwa kwenye pipa huku ikipulizwa hewa, kila povu likionesha tundu lilipo. Rejeta mpya za aluminiamu zenye tangi za plastiki hazikubali kazi hii. Zikifa, zimekufa.

Petroli inayochemka baada ya gari kuzimwa

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya wengi. Gari limefika Darajani salama, limezimwa, mwenyewe ameingia sokoni nusu saa. Akirudi, haliwaki. Stata inazunguka, petroli inanuka, na gari limegoma. Baada ya saa moja linawaka lenyewe kama hapakuwa na kitu.

Ni kwamba injini ikizimwa, feni na wota pampu vinasimama, lakini chuma bado ni cha moto. Joto linapanda juu, linaifikia kabureta, na petroli iliyomo kwenye nyumba ya floti inachemka na kumwagikia ndani. Au inachemka ndani ya bomba karibu na pampu, ikageuka mvuke, na pampu iliyotengenezwa kuvuta kimiminika haiwezi kuvuta mvuke. Madereva wa zamani walikuwa na kitambaa kibichi cha kuifunga pampu, na kilifanya kazi. Dawa ya kudumu ni kuangalia kama kile kibao cheusi kinachokaa kati ya kabureta na manifodi bado kipo. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite. Wengine walipofungua kabureta walikiona kinavuja, wakakitupa na kuweka gasketi ya karatasi peke yake. Kikirudishwa, na bomba la petroli likasogezwa mbali na ekzosi, tatizo huisha.

Petroli yenyewe pia imebadilika. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, jambo lililookoa ubongo wa watoto wengi. Injini nyingi za zamani ziliitegemea risasi kulinda viti vya valvu za ekzosi. Bila risasi, na hasa mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi, valvu inazama polepole ndani ya kiti chake, mwanya wake unaisha, na mwisho haifungi. Kwa hiyo Morris au Land Rover inayotumika kila siku ikifunguliwa hedi, ni busara iwekewe viti vigumu vya chuma kwa turna.

Kirikuu nazo zina ugonjwa wake. Injini ya Suzuki Carry imekaa chini ya viti na rejeta iko mbele kabisa, ikiunganishwa kwa mabomba marefu. Ukimwaga maji na kujaza mapya bila kutoa hewa, hewa hunaswa katikati ya mabomba na maji hayazunguki. Geji inaonesha salama, injini inaungua. Mwenye kirikuu akibadilisha maji amalizie kwenye skrubu ya kutolea hewa, au amwache mwenye ujuzi.

Vespa haina rejeta, na hapo ndipo vijana wanapodanganyika. Tangu Piaggio ilipoitoa mwaka 1946, Vespa imekuwa ikipozwa na feni iliyo kwenye gurudumu la sumaku, ikipuliza hewa kupitia ganda la bati linalozunguka silinda. Ganda hilo likitolewa kwa ajili ya urembo, au likarudishwa likiwa na ufa, hewa inatawanyika. Ukichanganya na kabureta yenye jeti ndogo na oili ya kuchanganyia iliyopunjwa, pistoni inashika katikati ya barabara ya Mazizini.

Ujuzi unaoondoka na wenye nao

Magari yanayoshuka bandarini leo yana kompyuta inayopima hewa na petroli mara nyingi kwa sekunde, na fundi wa kisasa anachomeka mashine akasoma kosa kwenye kioo. Ni maendeleo, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini kijana aliyefundishwa kwa mashine hiyo akiletewa Peugeot 404 hana pa kuchomeka. Kampuni ya Solex, iliyotengeneza kabureta za Peugeot nyingi, ilianza na waasisi wake Maurice Goudard na Marcel Mennesson wakitengeneza rejeta kabla ya kabureta. Kwa watu hao wawili, maji na petroli vilikaa chini ya paa moja. Gereji nyingi za leo zimezigawa: fundi rejeta huku, fundi umeme kule, fundi injini kwingine, na gari linazunguka baina yao bila kupona.

Vituo vya Mafunzo ya Amali vya Mwanakwerekwe na Mkokotoni, pamoja na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, vinafundisha vijana ufundi wa magari. Kuwaalika mafundi wazee wachache waoneshe, kwa muhula mmoja tu, namna ya kupima SU kwa kuinua pistoni, kusoma plagi na kuchokonoa rejeta ya shaba, hakuhitaji jengo jipya wala mfadhili. Injini moja ya mazoezi inatosha. Kijana anayejua kwa nini mchanganyiko wenye hewa nyingi unaleta joto ataielewa hata kompyuta vizuri zaidi, kwa kuwa kompyuta inafanya kazi ileile.

Na kwa mwenye gari la kabureta ambalo geji yake inapanda kila alasiri, hesabu ni hii: plagi nne, seti ya pointi, kondensa, kifuniko kipya cha rejeta na nusu siku ya fundi anayesikiliza kabla ya kufungua. Vyote hivyo kwa pamoja kwa kawaida ni nafuu kuliko rejeta moja mpya. Vifanywe kwanza. Baada ya hapo, ikiwa bado linachemsha, rejeta ifunguliwe, injini ikiwa imepoa kabisa.